Usimlaumu karani kabla ya kuchora mstari

Msomaji wangu mpendwa, leo nakuomba uwe na penseli, rula na subira. Najua wapo watakaougeuza ukurasa huu pindi waonapo neno hesabu, kwani hesabu iliwatoa jasho shuleni na hawana haja ya kukutana nayo tena Jumapili, wakiwa na kikombe chao cha chai mkononi. Nakusihi usiugeuze. Habari hii haikuanzia darasani. Ilianzia kwenye ugomvi wa kilo za majani chai, na nusura imvunjie kijana mmoja heshima yake mbele ya kijiji kizima.

Likizo iliyopita nilifunga safari hadi Ekerenyo kumjulia hali dada yangu mkubwa aliyeolewa huko. Kwa asiyepajua, Ekerenyo ni kituo cha biashara katika Kaunti ya Nyamira, eneo bunge la Mugirango Kaskazini. Wazee wetu walizoea kusema tu kwamba ni Kisii, maana Nyamira ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Kisii mpaka ilipomegwa na kuwa wilaya, kisha ikawa kaunti mwaka 2013. Ni nchi ya vilima, migomba na michai. Ukitoka nyumba hii kwenda ile, ama unapanda ama unateremka. Tambarare ni chache mno. Likumbuke jambo hilo la kupanda na kuteremka. Tutalihitaji baadaye.

Dada alinipokea kwa ugali wa wimbi na chinsaga kama ilivyo desturi yake, lakini uso wake haukuwa wa kawaida. Hata sijamaliza kunawa mikono akaanza.

"Ndugu yangu, huyu karani wa kituo ananiibia majani yangu mchana kweupe!"

Daftari la dada

Dada ana shamba dogo la michai. Huchuma, akatia majani guniani, akayabeba hadi kituo cha kununulia, na huko karani huyapima na kumwandikia kilo zake. Miezi kadhaa nyuma alianza kuingiwa na shaka. Basi akaenda sokoni akanunua mizani ya kuning'iniza, ile ya springi, iliyokwisha kutumiwa na mtu mwingine. Tangu siku hiyo akawa hapeleki gunia kituoni kabla ya kulipima nyumbani. Kila jioni aliandika daftarini namba mbili: kilo za nyumbani na kilo za kituoni.

Alinifungulia daftari hilo. Hizi ni siku tano alizozitia alama kwa kalamu nyekundu:

Nyumbani 10, kituoni 8.
Nyumbani 15, kituoni 12.5.
Nyumbani 5, kituoni 3.5.
Nyumbani 20, kituoni 17.
Nyumbani 12, kituoni 9.5.

"Waona?" akasema. "Leo anakata mbili, kesho moja na nusu, kesho kutwa tatu. Akiamka vizuri ananihurumia, akiamka vibaya ananikamua. Mizani haiwezi kubadilika hivyo. Huo ni mkono wa mtu."

Kumbe asubuhi hiyo hiyo alikuwa amemwita karani mwizi mbele ya foleni nzima ya wachumaji. Na karani mwenyewe si mtu wa mbali. Ni kijana wa hapo hapo jirani, na mama yake yuko chama kimoja cha akina mama na dada yangu. Walipokutana njiani saa sita, mama huyo alimpita dada bila hata kumpa salamu. Katika nchi ya Abagusii, mtu kukunyima salamu ni jambo zito. Uzito wake hauna mizani.

Kazi ya likizo

Wakati hayo yakisemwa, mpwa wangu, binti wa sekondari, alikuwa ameinama mezani akihangaika na kazi yake ya likizo. Kwenye karatasi palichorwa mstari mmoja mnyoofu juu ya miraba, na chini yake swali fupi: tafuta mlinganyo wa mstari huu.

"Mjomba, wewe unaandika gazetini, nisaidie."

Nilimeza mate. Mlinganyo wa mstari nilikuwa nikiukumbuka kama wimbo: y = mx + c. Waliosoma mfumo wa 8-4-4 walikutana nao Kidato cha Pili, na watoto wa mtaala wa umilisi huanza kuchora grafu za aina hii wakiwa bado sekondari msingi. Lakini kuukumbuka wimbo si kuelewa maneno yake. Niliweza kuuimba, sikuweza kueleza m ni nini na c inafanya nini pale.

Ndipo likanijia wazo. Kulikuwa na matatizo mawili ndani ya nyumba moja: la mama na la binti. Kwa nini tusiyatatue kwa penseli moja? Nikamwambia mpwa wangu, "Hebu weka kando mstari wa mwalimu. Tuchore mstari wa mama yako."

Nukta zinapojipanga

Tulichora mihimili miwili. Ule uliolala, mhimili wa x, tukaupa kilo za nyumbani. Ule uliosimama, mhimili wa y, tukaupa kilo za kituoni. Kisha kila siku ya dada ikawa nukta moja: nenda kulia kilo 10, panda juu kilo 8, weka nukta. Nenda kulia 15, panda 12.5, weka nukta. Hivyo hivyo hadi siku zote tano zikaisha.

Ufundi huu wa kumwakilisha mtu, siku au gunia la majani kwa namba mbili juu ya karatasi una historia ndefu. Mfaransa René Descartes alichapisha mwaka 1637 kazi iliyofunga ndoa kati ya maumbo na aljebra, na mwenzake Pierre de Fermat naye alikuwa amelifikia wazo hilo kwa njia yake. Tangu hapo mstari uliochorwa unaweza kuandikwa kama sentensi ya hesabu, na sentensi ya hesabu inaweza kuchorwa ikawa mstari. Kutafuta mlinganyo wa mstari kutoka kwenye grafu ni kufasiri tu: unaiona picha, unaandika sentensi.

Basi tulipoweka rula, dada aliacha kusonga ugali akaja kuchungulia. Nukta nne zilikaa kwenye mstari mmoja kana kwamba zimepangwa kwa uzi. Ya tano tu, ile ya 12 na 9.5, ilikaa chini kidogo ya mstari. Dada akakumbuka kwamba siku hiyo ilinyesha. Majani yalipimwa nyumbani yakiwa yamelowa, na maji yakachuruzika njiani.

Hapo, msomaji, ndipo nilipoanza kuona kwamba dada yangu amekosea jambo moja. Mtu anayeiba kwa hasira za asubuhi hawezi kutoa mstari mnyoofu. Hasira hazinyooki. Ukizipanga siku za dada kwa tarehe, makato yanarukaruka: mbili, mbili na nusu, moja na nusu, tatu. Lakini ukizipanga kwa uzito wa gunia, yanapanda kwa utaratibu: gunia la kilo 5 linakatwa kilo 1.5, la 10 linakatwa 2, la 15 linakatwa 2.5, na la 20 linakatwa 3. Kulikuwa na kanuni pale. Kazi yetu ikawa kuitafuta.

Mstari unapandaje?

Kila mstari mnyoofu una siri mbili tu. Ya kwanza ni jinsi unavyopanda, nayo ndiyo m. Walimu huiita mwinuko. Mtu wa Ekerenyo hahitaji kufundishwa mwinuko ni nini. Miguu yake inajua. Mwinuko ni swali hili: nikienda mbele hatua kadhaa, nitakuwa nimepanda kiasi gani? Gawanya ulichopanda kwa ulichoenda mbele, umepata m.

Ili kuupata, chagua nukta mbili zilizo juu ya mstari wenyewe, tena zilizo mbali kidogo. Sisi tulichukua (10, 8) na (20, 17). Hatukuichukua ile ya siku ya mvua, kwa maana haikuwa juu ya mstari.

Mimi, kwa ujuzi wangu wa kujifanya, nikahesabu miraba. Kutoka nukta ya kwanza hadi ya pili nilienda kulia miraba 5 na kupanda miraba 9. Nikagawanya 9 kwa 5 nikapata 1.8, nikaiandika kwa wino kabisa.

Mpwa wangu akaangua kicheko. "Mjomba! Hiyo ni kusema kila kilo moja ya nyumbani inakuwa karibu kilo mbili kituoni. Basi mama hajaibiwa, anaiba yeye!"

Kosa langu lilikuwa wapi? Kwenye mhimili wa y tulikuwa tumeweka mraba mmoja kwa kilo moja, lakini kwenye mhimili wa x, ili karatasi itoshe, mraba mmoja ulikuwa kilo mbili. Miraba 5 ya kulia ilikuwa kilo 10. Wanafunzi wengi hupoteza alama hapa hapa. Usihesabu miraba, soma namba zilizoandikwa kwenye mhimili.

Tukarudia. Kilo za kituoni zimepanda kutoka 8 hadi 17, yaani 9. Kilo za nyumbani zimekwenda kutoka 10 hadi 20, yaani 10. Tisa gawa kwa kumi ni 0.9. Hiyo ndiyo m. Maana yake kwa lugha ya shambani: kila mizani ya nyumbani inapoongeza kilo kumi, ile ya kituoni inaongeza tisa.

Mstari unaanzia wapi?

Siri ya pili ni c, mahali mstari unapoukata mhimili wa y, yaani pale x inapokuwa sufuri. Ukiwa na bahati, grafu yako itafika hapo na utaisoma kwa macho. Isipofika, chukua nukta moja ya mstari uitie ndani ya sentensi. Tulitumia (10, 8):

8 = 0.9 × 10 + c
8 = 9 + c
c = −1

Mlinganyo wa dada ukawa kamili: y = 0.9x − 1.

Usikubali jibu lako kabla ya kulipima kwa nukta ambayo hukuitumia. Tukachukua gunia la kilo 15. Zidisha 15 kwa 0.9 upate 13.5, toa 1, unabaki na 12.5. Daftari lilisema vivyo hivyo. Mpwa wangu akapiga makofi. Dada hakupiga.

"Namba nimeziona," akasema. "Sasa niambieni mwizi ni nani."

Maswali mawili, si moja

Hapa ndipo nataka unisikilize kwa makini, msomaji, kwa maana hili ndilo lililonifanya niandike safu ya leo. Dada alikuwa na swali moja: kwa nini kilo zangu zinapungua? Mstari ulimwonyesha kwamba ana maswali mawili yaliyovaa nguo moja.

Lile la kwanza ni la c. Ile toa moja haijali ukubwa wa gunia. Upeleke kilo tano au ishirini, inakatwa ile ile. Ukipeleka gunia tupu, kwa hesabu hiyo utadaiwa kilo moja! Basi chanzo chake lazima kiwe kitu kisichobadilika kila mara gunia linapopimwa.

Lile la pili ni la m. Ile 0.9 inakula kidogo kwenye gunia dogo na kingi kwenye gunia kubwa, sehemu moja katika kila kumi. Chanzo chake lazima kiwe kitu kinachokua pamoja na mzigo. Na kitu cha aina hiyo ni mizani yenyewe. Moja kati ya mizani mbili ilikuwa inadanganya. Lakini ni ipi?

Mstari haukuweza kutuambia hilo. Mstari hautaji jina la mtu. Unakuonyesha tu mlango wa kubisha.

Mpwa wangu ndiye aliyefikiri. "Mama, pakiti ya unga ni kilo mbili. Imeandikwa." Nyumbani kulikuwa na pakiti tatu. Nyingine sita tukazichukua dukani kwa jirani kwa ahadi ya kuzirudisha bila kufunguliwa. Pakiti tisa ni kilo 18. Tukazitia kwenye kikapu chepesi tukaining'iniza mizani ya dada kwenye boriti ya jikoni. Mshale ukatetemeka, ukatulia.

Ukasimama kwenye 20.

Hakuna aliyesema neno. Gawanya 18 kwa 20, msomaji, uone unapata ngapi. Ni 0.9. Mizani ya dada, ile aliyoinunua ili imfichulie mwizi, ndiyo iliyokuwa ikimwongezea kilo hewa. Springi yake ilikuwa imelegea kwa uzee. Sehemu moja katika kila kumi aliyoililia miezi yote hiyo haikupata kuwa ya majani hata siku moja.

Kuna sheria nchini Kenya, Sheria ya Vipimo na Mizani, Sura ya 513, inayotaka mizani zinazotumiwa kwa biashara zikaguliwe na kupigwa muhuri. Ya dada ilikuwa ya kujipimia tu nyumbani, haikuwa na muhuri wala historia. Lakini aliiamini kuliko alivyomwamini mtoto wa jirani.

Na ile kilo moja?

Usidhani mkulima alitoka hapo mikono mitupu. La hasha! Ile c bado ilikuwa inasubiri jibu.

Jioni dada aliteremka kilima hadi kwa mama wa karani, amebeba mkungu wa ndizi. Sikwenda naye, kwa kuwa yapo maneno ambayo mtu huyasema vyema akiwa peke yake. Aliporudi, giza lilikuwa limeingia, na karani mwenyewe alimsindikiza akimmulikia njia kwa simu yake. Tukamkaribisha ndani. Mpwa wangu akamwonyesha grafu.

Kijana aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema bila kuficha kwamba kilo moja hukatwa kwa kila gunia, nusu yake kwa ajili ya gunia lenyewe na nusu kwa ajili ya umande. Ndivyo alivyokuta, na ndivyo alivyoagizwa.

Kesho yake tulikusanya magunia kumi matupu ya majirani tukayapima pamoja, kwa maana gunia moja ni jepesi mno kwa mizani ile. Mshale ulisoma 5. Sasa tulijua tabia ya mizani hiyo, basi tukazidisha kwa 0.9 tukapata kilo 4.5. Yaani gunia moja halifiki hata nusu kilo. Kwa upande wa gunia, karani alikuwa karibu na ukweli. Lakini nusu ya umande je? Majani yaliyochumwa saa nane mchana wa jua kali yana umande gani?

Hilo sasa lilikuwa swali la haki, na lilikuwa swali dogo, safi, lisilo na tusi ndani yake. Dada alilipeleka kwenye kikao cha wakulima wa kituo chao, grafu mkononi. Mara hii karani hakukaa upande wa pili akijitetea. Alikaa kando yake akieleza jinsi makato yanavyofanywa. Nilipoondoka Ekerenyo, wakulima walikuwa wameomba umande usikatwe siku ya jua, na walikuwa wakingoja jibu. Sijui watajibiwa vipi. Ninachojua ni kwamba mama wawili wanasalimiana tena.

Kwa wanafunzi na wazazi wao

Sasa tuzikusanye hatua, ili mwanafunzi anayesoma ukurasa huu usiku wa kuamkia mtihani apate chake.

Kwanza, soma mihimili yote miwili: kila mraba ni kiasi gani? Pili, chagua nukta mbili juu ya mstari, zilizo mbali, zinazosomeka bila kubahatisha. Tatu, toa y kwa y, toa x kwa x, kwa mpangilio ule ule. Gawanya tofauti ya y kwa tofauti ya x. Usigeuze, maana ukigawanya x kwa y utakuwa umelaza kilima. Nne, soma c kwenye mhimili wa y, au itafute kwa kutia nukta moja ndani ya y = mx + c. Tano, jaribu jibu lako kwa nukta ya tatu.

Tazama pia mwelekeo. Mstari unaopanda kutoka kushoto kwenda kulia una m chanya. Unaoteremka una m hasi. Uliolala kama tambarare una m ya sufuri, na mlinganyo wake ni y = namba tu. Uliosimama wima kama mlingoti hauna m kabisa, kwa sababu huwezi kugawanya kwa sufuri; wenyewe huandikwa x = namba. Na ukimkuta binamu yako aliyesoma Burundi au Kongo akiandika y = ax + b, usibishane naye. Herufi zimebadilika, siri mbili ni zile zile.

Wewe mzazi wa mjini unaweza kuuliza michai inakuhusu nini. Fikiria bili. Kwa miaka mingi bili ya umeme ya nyumbani nchini Kenya ilikuwa na ada isiyobadilika, ambayo mwishowe ilikuwa shilingi 150 kwa mwezi, hadi ilipoondolewa mwaka 2018. Hata usipowasha taa, uliilipa. Hiyo ilikuwa c. Bei ya kila uniti ilikuwa m. Anayelalamika kwamba bili ni kubwa bila kujua ni c au m iliyomwumiza hawezi kujua kama kuzima taa kutamsaidia. Mambo hayo mawili utayakuta katika ada ya teksi, katika malipo ya fundi anayetoza pesa za kuja kisha za kila saa, na katika mkopo wenye ada ya kuufungulia.

Lakini tahadhari: si kila kitu ni mstari mnyoofu. Ada za kutuma pesa kwa M-Pesa, huduma iliyoanza mwaka 2007, hupanda kwa ngazi. Kiasi tofauti ndani ya daraja moja hutozwa ada ile ile, kisha ghafla unapanda daraja. Kimo cha mtoto nacho hakipandi kwa mstari mmoja maisha yote, ama sivyo babu zetu wangekuwa wanainama kupita chini ya nyaya za stima. Weka nukta kwanza. Zikijipanga, chora mstari. Zisipojipanga, usizilazimishe.

Na sasa zoezi la nyumba nzima, baba, mama na watoto. Tangi la maji juu ya paa linateremka kwa kiasi kile kile kila siku tangu mifereji ilipokauka. Grafu yake inapita kwenye nukta (2, 700) na (5, 400), ambapo x ni siku na y ni lita. Tafuteni mlinganyo wa mstari huo, kisha mniambie: tangi lilikuwa na lita ngapi mwanzoni, na litakauka siku ya ngapi? Atakayeshindwa ndiye atakayekwenda kuchota.

Mpwa wangu alirudi kwenye kazi yake ya likizo jioni ile ile, akaimaliza kabla chai haijapoa. Nilimwuliza kama bado anahitaji msaada wa mjomba wake. Akanitazama kwa huruma, akasema, "Mjomba, wewe endelea kuandika gazeti."

Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.

Jibu la zoezi: y = −100x + 900. Tangi lilianza na lita 900, linapungua lita 100 kila siku, na litakauka siku ya 9.